Kupanga rangi za mfarishi bila woga: anza na nuru, jina lifuate

Swali ambalo wanaoanza kushona mifarishi hapa Kisumu huniuliza kuliko jingine lolote halihusu sindano, uzi wala cherehani. Mtu huja na vitambaa viwili, akavipeleka dirishani, akavishika sambamba na kuuliza: “Hizi zinaendana?” Ni swali fupi, lakini nyuma yake mna mkanganyiko mkubwa, kwa sababu karibu kila anayeuliza ameshapewa masharti kabla hajafika. Mmoja aliambiwa na shangazi yake kwamba nyekundu na waridi hazikai pamoja. Wa pili ameona gurudumu la rangi, ule mduara uliogawanywa kwa rangi mbalimbali, katika daftari la shule la mwanawe, na sasa anaamini kwamba asipochagua rangi zinazotazamana kwenye gurudumu hilo kazi yake itaharibika. Wa tatu amesoma katika kundi la WhatsApp la chama chao kwamba rangi zisizidi tatu, huku jirani yake akisisitiza kwamba uzuri wa kitenge ni wingi wa rangi zake. Masharti haya yanapingana, na kwa sababu hiyo watu wenye mikono mizuri huishia kushona mifarishi ya rangi mbili za tahadhari, kahawia na maziwa, ilhali hawazipendi hata kidogo.

Kabla ya kuyachambua masharti hayo, tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu: uso wa juu, ambao kwa kawaida huungwa kwa viraka, ujazo wa katikati, ambao unaweza kuwa pamba au hata blanketi kuukuu lililolainika, na kitambaa cha mgongo. Tabaka hizo hushikizwa pamoja kwa mishono inayopenya kutoka juu hadi chini, na mishono hiyo ndiyo inayoutofautisha mfarishi na shuka la kawaida. Wengine huuita kwilti, wengine blanketi la viraka. Rangi ninazozieleza hapa ni za uso wa juu, kwa kuwa hapo ndipo vitambaa vingi hukutana na hapo ndipo watu hukwama.

Jambo la pili la kuelewana ni neno rangi. Tunalitumia kana kwamba linataja kitu kimoja, kumbe linafunika mambo matatu. Kuna jina la rangi: kijani, bluu, chungwa. Kuna nuru ya rangi, yaani iko karibu kiasi gani na weupe au na weusi. Ndiyo tunayoitaja tunaposema rangi nyepesi na rangi nzito. Na kuna makali ya rangi, yaani inavyowaka au ilivyopoa. Fikiria vikombe vitatu mezani: strungi, chai iliyotiwa maziwa, na maziwa matupu. Mtu akikuuliza vina nini utamjibu kwa majina, lakini jicho lako lilikwisha kuvipanga kabla hujajibu, kutoka kizito hadi chepesi, na lingevipanga vivyo hivyo hata katika picha isiyo na rangi. Mpangilio huo wa jicho ndio nuru. Kwa upande wa makali, linganisha bluu ya jinzi mpya na bluu ya jinzi iliyofuliwa miaka mitano; jina ni lile lile, lakini moja inaita na nyingine imetulia.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba wasiwasi mwingi kuhusu rangi hutokana na kuuliza habari za jina kabla ya kuuliza habari za nuru. Katika mfarishi wa viraka, nuru ndiyo inayochora umbo. Jina hutia ladha tu.

Inafaa kutazama jinsi lugha yetu inavyolishughulikia jambo hili. Kiswahili kina rangi tatu tu ambazo ni vivumishi halisi, vinavyofuata ngeli ya nomino: kitambaa cheusi, nguo nyeupe, viraka vyekundu. Nyingine karibu zote tumezichukua kutoka kwa vitu au kutoka lugha nyingine. Manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa, kijivu kina jivu ndani yake, kijani kina jani, na maji ya kunde ni yale yale yaliyobaki sufuriani. Katika Kijaluo pia, rateng', rachar na rakwar hutaja nyeusi, nyeupe na nyekundu. Na ukisikiliza kwa makini jinsi tunavyotumia weusi na weupe, utaona kwamba mara nyingi tunapima nuru. Mtu akisema kumekucha na sasa ni kweupe, hasemi kwamba nje kuna rangi ya chokaa; anasema kuna mwanga. Tunapomwita mtu mweupe kwa kumlinganisha na ndugu yake, tunalinganisha wepesi na uzito tu. Kwa hiyo msomaji anayedhani kwamba hana jicho la rangi anao tayari msamiati wa jambo lililo muhimu kuliko yote, na ameutumia tangu utotoni.

Umbo huchorwa na nuru kwa namna gani? Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni mtindo uitwao nyumba ya magogo, uliopendwa sana Marekani kuanzia miaka ya 1860. Mshonaji huanza na mraba mdogo wa katikati, mara nyingi mwekundu, kisha huuzungushia vipande virefu vyembamba, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayepanga magogo ya ukuta. Pande mbili zinazopakana hupewa vitambaa vyenye rangi nyepesi, na pande mbili zilizobaki hupewa vyenye rangi nzito, hivi kwamba kila kiraka kikikamilika kimegawanyika kwa mshazari, nusu mwanga na nusu kivuli. Uzuri wake ni kwamba viraka hivyo hivyo, bila kufumua mshono hata mmoja, vikigeuzwa na kupangwa upya hutoa maumbo tofauti kabisa: msitari wa mshazari unaofuatana na mwingine kama matuta ya shamba la miwa, au almasi inayopanuka kutoka katikati ya kitanda. Na katika ile nusu nyepesi unaweza kuchanganya manjano iliyopauka, waridi, samawati na rangi ya maziwa upendavyo, maadamu zote ni nyepesi. Macho yatazisoma kama kitu kimoja. Kinyume chake, weka kipande kimoja cha rangi nzito upande wa mwanga, na umbo lote litapasuka hapo, hata kama jina la rangi hiyo linafanana na majirani zake.

Nililijua jambo hili kwa njia ya kuumiza. Mfarishi wangu wa kwanza niliushona kwa vitenge sita nilivyovipenda sana, kila kimoja kizuri peke yake, nyekundu, kijani, chungwa, zambarau, bluu na kahawia. Niliupanga kwa nyota, nikashona kwa wiki kadhaa, na nilipoutandaza nyota hazikuonekana. Niliamini kwamba nimezidisha rangi. Baadaye nilitambua kwamba zote sita zilikuwa za uzito mmoja wa kati, kama vikombe sita vya chai ya maziwa vilivyopangwa kwenye meza ya rangi ya chai ya maziwa. Nyota zilikuwapo, ila hapakuwa na usiku wa kuzionyesha. Laiti ningeingiza kitambaa kimoja tu chenye rangi nyepesi sana kuwa mandhari, rangi zile zote sita zingebaki na hakuna ambaye angesema zimezidi.

Hapa ndipo unapovunjika ule usemi kwamba rangi nyingi huleta fujo. Fujo husababishwa na rangi zisizo na tofauti ya nuru, au na rangi ambazo zote ni kali na hakuna iliyokubali kunyamaza. Msitu wa Kakamega una rangi moja kwa jina, kijani, na hakuna aliyewahi kuuita wa kuchosha, kwa maana ndani yake mna kijani cha jani changa linalopitisha jua na kijani cha kivuli kinachokaribia weusi. Halikadhalika, mfarishi wa rangi ishirini unaweza kutulia iwapo nuru zake zimepangwa, na mfarishi wa rangi mbili unaweza kuwa na fujo iwapo rangi hizo mbili zinapigana kwa uzito ulio sawa.

Kuipima nuru hakuhitaji kifaa cha kununua. Panga vitambaa vyako mezani, rudi nyuma hatua kumi, kisha ufinye macho mpaka karibu yafumbe. Majina ya rangi yatafifia na utabaki na mawingu ya mwanga na kiza. Njia nyingine, ambayo mimi huitegemea zaidi kwa kuwa haidanganyiki na mapenzi yangu, ni kupiga picha kwa simu na kuibadilisha picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe. Vitambaa vinavyogeuka kijivu kimoja vina nuru moja, hata kama kimoja ni chekundu na kingine ni kijani. Watu wengi hushangaa kuona nyekundu kali waliyoidhania kuwa ya mwanga ikigeuka kijivu kizito, na manjano kali ikigeuka karibu nyeupe. Makali ya rangi hulihadaa jicho likadhani ni nuru, na ndiyo maana picha hiyo isiyo na rangi inafaa sana. Baada ya kupima, gawa vitambaa vyako katika mafungu matatu, mepesi, ya kati na mazito, na usishangae kitambaa kimoja kikihama fungu kutokana na wenzake. Kahawia ni nzito kando ya rangi ya maziwa, lakini ni nyepesi kando ya kaniki. Nuru haipimwi peke yake. Hupimwa kwa jirani.

Fungu linalokosekana mara nyingi katika mabaki ya vitambaa vyetu ni lile jepesi. Hili lina sababu. Vikapu vya mabaki ya mafundi wa hapa hujaa vitenge, na vitenge vingi vimetengenezwa viwake: rangi za kati na nzito, zenye makali. Mshonaji anayetegemea mabaki hayo peke yake atapata mfarishi ambao kila kiraka kinaita kwa sauti ya juu. Dawa yake ni ya zamani na ni ya bei nafuu: kitambaa cha merikani, pamba ile isiyotiwa rangi wala kusafishwa ikawa nyeupe pepe. Jina lake linatokana na Marekani, kwa sababu katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Zanzibar kwa wingi, na kutoka huko ikaenda bara pamoja na kaniki, kitambaa kile cha rangi ya nili inayokaribia weusi. Naona fahari kwamba vitambaa hivyo viwili vya kale, kimoja chepesi kwa rangi na kingine kizito, ndivyo hasa vinavyohitajika kuvitawala vitenge vya leo. Merikani huwa pumziko la macho, kaniki huwa kivuli.

Huenda mtu akauliza kwa nini asitumie nyeupe kabisa. Anaweza, lakini ajue kwamba nyeupe pepe haikai kimya kama watu wanavyodhani. Ndiyo yenye mwanga kuliko zote, na jicho huikimbilia kwanza. Ikitawanywa ovyo katikati ya vitenge, huonekana kama mashimo. Rangi ya maziwa au ya merikani hufanya kazi ile ile kwa upole zaidi. Nyeusi nayo ina tabia yake: huzifanya rangi zilizo kando yake zionekane zikiwaka, na ndiyo maana kitenge chenye mistari myeusi huonekana kikali kuliko kisicho nayo.

Kuhusu kiasi, yaani rangi gani iwe nyingi na ipi iwe kidogo, mwongozo wangu ni sahani ya chakula cha mchana kando ya ziwa. Ugali huchukua nafasi kubwa na hautafuti sifa. Mboga, iwe sukuma au osuga, ni kijani kizito chenye nafasi ya kadiri. Samaki ana kahawia yake. Kisha kuna kachumbari, nyekundu kali, ambayo ni kijiko kimoja tu, na bado ndiyo unayoiona kwanza. Ukiijaza kachumbari sahani nzima, wekundu wake hauongezeki. Unapotea, kwa kuwa hakuna kinachoutofautisha. Kwa hesabu: mfarishi wa kitanda cha futi nne kwa sita, ukitumia viraka vya sentimita 15 baada ya kushonwa, unahitaji viraka 8 kwa upana na 12 kwa urefu, yaani 96. Ningeanza na viraka 48 vya rangi nyepesi zilizopoa, 38 vya kati na vizito, na 10 tu vya rangi kali kuliko zote. Hizo si amri. Ni mahali pa kuanzia, na ukishajua kwa nini unazivunja, zivunje.

Kuna tatizo moja la kitenge ambalo miongozo ya ushonaji iliyoandikwa ugenini haina sababu ya kulizungumzia, nalo huwakwamisha wengi huku kwetu. Michoro ya kitenge ni mikubwa. Ndege mmoja anaweza kuwa na urefu wa shubiri mbili, na duara moja likajaa mapaja ya mvaaji. Ukikata kiraka cha sentimita 10 kutoka mahali hapa, utapata manjano tupu. Ukikata kingine kutoka hatua moja kando, utapata bluu tupu. Kwa maneno mengine, kitenge kimoja ni vitambaa vitano au sita vilivyofichana, na anayekata bila kutazama hajui amechagua rangi gani. Chukua karatasi ngumu, toboa dirisha lenye ukubwa wa kiraka chako, kisha lipitishe polepole juu ya kitenge. Utaona kitambaa chako kikibadilika nuru na jina ndani ya dirisha hilo. Kwa njia hiyo utaweza kutoa viraka vyepesi na vizito kutoka yadi zile zile, na rangi zake zitapatana bila jitihada kwa kuwa zilipatanishwa na aliyeubuni mchoro. Kwa anayeanza naona hii ndiyo njia salama kuliko zote: chagua kitenge kimoja unachokipenda kweli, kiwe kiongozi, halafu tafuta vitambaa vya rangi moja visivyo na michoro vinavyorudia rangi zilizomo ndani yake. Leso nayo hufaa, ila tahadhari na jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Maneno yakikatwa vibaya huvuta jicho kuliko ua lolote, kwa sababu mtu hutaka kuyasoma.

Sasa turudi kwenye gurudumu la rangi lililo katika daftari la mtoto. Aliyezikunja rangi za upinde wa mvua zikawa duara, mwaka 1704, ni mwanasayansi Mwingereza Isaac Newton, na magurudumu ya shuleni ya leo yamejengwa juu ya wazo hilo, yakionyesha jinsi nyekundu, manjano na bluu zinavyochanganywa kuzaa nyingine. Ni chombo kizuri, lakini mchoraji huchanganya rangi ndani ya kibakuli, nasi washonaji hatuchanganyi chochote. Tunaweka kando kwa kando. Kwa mshonaji, gurudumu linasaidia mambo mawili. Rangi zilizo jirani, kama vile manjano, chungwa na nyekundu, hupatana kwa upole. Rangi zinazotazamana, kama vile manjano na zambarau, huchochea makali, kila moja ikiifanya nyingine iwake zaidi. Wakazi wa Kisumu wana mfano wake mbele ya macho, hata kama mmea wenyewe umetutesa: ua la gugumaji lina petali za zambarau iliyopauka, na petali ya juu ina doa la manjano. Doa hilo ni dogo mno, na hata hivyo ndilo unaloliona. Lingekuwa na ukubwa sawa na zambarau, lisingekuwa na nguvu hiyo. Kwa hiyo gurudumu halikukosea, ila halikukwambia kiasi, wala halikukwambia nuru, na mtu akilifuata peke yake anaweza kuweka nyekundu na kijani za uzito mmoja nusu kwa nusu na kupata kitu kinachotetemesha macho.

Kwamba rangi hubadilishwa na jirani yake ni jambo lililothibitishwa muda mrefu uliopita, na kisa chake ni cha watu wa nyuzi kama sisi. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliwekwa kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, kilichofuma mazulia ya kutundika ukutani. Alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilizotumiwa kufuma vivuli vya mavazi ya bluu na zambarau hazikuwa nyeusi ipasavyo. Alizilinganisha na nyuzi nyeusi za viwanda vingine na kukuta hazina kasoro. Kilichozidhoofisha kilikuwa bluu na zambarau zilizozizunguka. Matokeo ya uchunguzi wake aliyachapisha mwaka 1839, na unaweza kuyarudia jikoni kwako: kata vipande viwili kutoka kitambaa kimoja cha kijivu, weka kimoja juu ya manjano na kingine juu ya zambarau. Juu ya manjano, kijivu kitaelekea zambarau. Juu ya zambarau kitaelekea manjano. Ndiyo maana siwezi kumjibu mtu aliyeshika vitambaa viwili dirishani akiniuliza kama vinaendana. Sijui bado vitakaa na nani.

Na hapo ndipo shangazi wa nyekundu na waridi anapohitaji jibu la heshima. Waridi ni nyekundu iliyotiwa mwanga. Ni mama na mtoto. Zikikosana, mara nyingi ni kwa sababu nyekundu hiyo imeelekea chungwa ilhali waridi imeelekea zambarau, au kwa sababu zote mbili ni kali na nuru zake zimekaribiana mno. Ongeza rangi ya damu ya mzee kuwa kivuli na waridi iliyopauka sana kuwa mwanga, na ugomvi utaisha. Hali ni hiyo hiyo kwa bluu na kijani, jozi nyingine inayokatazwa bila sababu, ingawa kila anayetazama ziwa kutoka Dunga ameziona pamoja.

Jambo la taa ni la kutajwa kwa ufupi lakini lisipuuzwe. Bluu mbili zinazoonekana sawa chini ya taa ya mirija ya duka zinaweza kutofautiana kabisa ukitoka nje, kwa sababu dawa zilizotumiwa kuzitia rangi si moja na kila dawa hurudisha mwanga kwa namna yake. Mwombe mwenye duka akuruhusu ufike na kitambaa kizingitini. Na kama mfarishi utatumika chumbani usiku, utazame pia kwenye mwanga wa chumba hicho.

Wapo wanaoamini kwamba ujasiri wa rangi unahitaji vitambaa vya gharama. Huko Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, Marekani, wanawake weusi walishona mifarishi kwa vizazi kadhaa kwa kutumia nguo za kazi zilizochakaa. Mwaka 2002 mifarishi yao ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston na kisha katika jumba la Whitney, New York, na mwaka 2006 shirika la posta la nchi hiyo likatoa stempu 10 zenye picha zake. Katika baadhi ya mifarishi hiyo kuna jambo ambalo kila mpita soko la Kibuye anaweza kulifanya kesho. Wameitumia suruali ya jinzi iliyopauka kwa jua, na mahali mfuko ulipotolewa pamebaki mraba wa bluu nzito usiowahi kuonja mwanga. Suruali moja kuukuu ina rangi nyepesi, ya kati na nzito, zote za jina moja, zote zikiwa zimepatana tayari. Nchini India, katika jimbo la Karnataka, Wasidi, ambao ni wazao wa Waafrika, nao hushona mifarishi ya nguo kuukuu iitwayo kawandi, wakianzia ukingoni na kuelekea katikati, kipande baada ya kipande, kila kimoja kikichaguliwa kwa kutazama kilichotangulia. Hawaanzi na orodha ya rangi. Wanaanza na jirani.

Nigusie pia chumvi, kwa kuwa rangi iliyopangwa vizuri inaweza kuharibiwa katika ufuaji mmoja. Wengi hushauriana kuloweka kitenge kipya katika maji ya chumvi au siki ili kisichuje. Chumvi husaidia wakati pamba inatiwa rangi kiwandani; kwa kitambaa ambacho tayari kimetiwa rangi na kinachuja, haiirudishi rangi mahali pake, na siki vivyo hivyo. Kinachofaa ni kufua kila kitambaa kipya peke yake kabla ya kukikata, kukisuuza hadi maji yatoke safi, na kukijaribu kwa kukandamiza kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake. Nyekundu na bluu nzito ndizo za kuangaliwa zaidi, hasa zikikusudiwa kukaa kando ya merikani. Kinachoendelea kuchuja baada ya kusuuzwa mara nyingi, kifanye mkoba. Na mfarishi uliokwisha kushonwa uanikwe kivulini, uso wake ukiwa umegeuzwa ndani, kwa kuwa jua la hapa karibu na ikweta hupausha upande mmoja wa kamba kuliko mwingine, na nuru uliyoipima kwa taabu huhama.

Baada ya viraka kuungwa, bado kuna uamuzi mmoja wa rangi ambao ni vyema kuuacha hadi mwisho, nao ni pindo, ule utepe mwembamba unaofunga kingo za tabaka tatu. Wengi hulinunua siku ile ile ya kununua vitambaa vingine, kisha hulazimika kulitumia hata likikataa. Anayeijua leso anafahamu kwamba pindo ndilo linaloushika mji, ile sehemu ya katikati, usimwagike. Pindo zito, kwa mfano la kaniki, huufunga mfarishi na kuzifanya rangi za ndani ziwake. Pindo lenye rangi nyepesi huuacha wazi, kana kwamba viraka vinaendelea nje ya kitanda. Mimi hutandaza uso uliokamilika juu ya kitanda asubuhi, naweka vipande vya vitambaa vitatu au vinne kwenye kona zake, napiga picha moja ya rangi na moja isiyo na rangi, kisha naondoka. Nikirudi jioni, mwanga wa dirishani ukiwa umegeuka, kitambaa ambacho bado nakitaka ndicho ninachokikata.